Mfanyakazi Wako wa Kyela Ana Shamba

Ukifika Kyela mjini mwezi Mei, mpunga mpya unapoanza kuingia mashineni, kilio cha wenye mashine za kukoboa ni kimoja: vijana hawapo. Opereta aliaga siku mbili, sasa ni wiki ya pili. Mbeba magunia amemtuma mdogo wake ashike nafasi, na huyo mdogo hajawahi kuiona mizani. Kule Matema, mwenye nyumba ya wageni ana wageni mezani na mpishi hapatikani kwa simu. Lawama zote huishia palepale: vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Mimi sikubaliani na lawama hiyo. Vijana haohao wanaodaiwa kuikimbia kazi wametoka nyumbani kabla jua halijachomoza, wako Mwaya, Ngonga na Makwale wanakata mpunga wakiwa wameinama tangu asubuhi mpaka jioni. Walichokataa ni kuchagua kati ya mshahara wako na chakula cha mwaka mzima cha nyumba yao. Ukimlazimisha mtu wa huku achague hivyo wiki ya mavuno, atakwenda shambani, na hesabu yake iko sawa. Mshahara mnono unaolipwa Juni hauwezi kuyafidia magunia yaliyoliwa na ndege.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine, duka la jumla, hoteli au karakana katika ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, naomba uanze kufikiria ajira kutoka mahali ambapo vitabu vingi vya biashara havianzii. Anza na kalenda ya shamba. Vyeti na mshahara vina nafasi yake, lakini vitakuja baadaye.

Kalenda yenyewe unaijua. Mvua zikikaribia ng'ombe wa kulimia wanatafutwa kila kitongoji, na kijana mwenye jozi ya maksai ni mfalme kwa wiki kadhaa. Mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya ni kulima na kupanda. Inafuata palizi. Mpunga ukianza kushika maziwa, mtu lazima akae shambani kutwa nzima kuamia ndege, na mara nyingi anayeamia ni huyohuyo unayemtegemea dukani, au mke wake, au mtoto ambaye kwa kweli alipaswa kuwa shuleni. Mei hadi Julai ni kuvuna na kupura. Katikati ya hayo kuna kakao, zao lenye ratiba yake: ukishachuma na kupasua maganda, mbegu zinakaa kwenye kichachusho siku 5 hadi 7, kisha zianikwe na kugeuzwa, na mvua ya Kyela haikuombi ruhusa kabla ya kunyesha.

Usiidharau hiyo kakao unapopanga mishahara. Mwaka 2024 mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalipoyumba, bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Kakao ya Kyela inauzwa mnadani kupitia vyama vya msingi, AMCOS, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa hiyo habari ya bei ilifika kila kibaraza siku hiyohiyo. Kijana mwenye miti michache tu nyuma ya nyumba ya baba yake alikuwa na haki ya kujiuliza kwa nini alale kibandani kwako akilinda magunia ya mtu mwingine. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, na baadhi ya walioacha kazi wakawa tayari kurudi. Mwajiri aliyewatukana walipoondoka hakuwa na njia ya kuwapigia simu.

Jambo hili si la juzi. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliwavuta wanaume wengi wa Kinyakyusa. Baadaye wengine wakaenda migodi ya shaba ya Zambia, Rhodesia ya Kaskazini ya wakati huo, na wengine wakasafirishwa na Wenela, wakala wa kuajiri watu wa migodini, hadi migodi ya Afrika Kusini, mpaka Tanganyika huru ilipoufunga mlango huo. Walikwenda kutafuta fedha, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilirudi huku ikawa ng'ombe wa mahari. Babu wa opereta wako huenda alikuwa mmoja wao. Ukoo wake unajua vizuri kuondoka na kurudi. Kazi yako ni kuhakikisha anaporudi, anarudi kwako.

Sasa tuje kwenye kumpata mtu mwenyewe.

Waajiri wengi wa huku huajiri kwa njia mbili: ndugu ameleta kijana, au kijana amekuja na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Barua hiyo usiikatae, maana inakuonyesha mtu anatoka wapi na nani atatafutwa mambo yakiharibika. Lakini haikwambii kama anaweza kazi. Kila mtu anaipata. Kinachokwambia ni kazi yenyewe, na kwa bahati nzuri kazi nyingi za Kyela zinaweza kupimwa ndani ya saa moja mbele ya macho yako.

Chukua opereta wa mashine ya kukoboa. Mpe madebe mawili ya mpunga, umlipe kwa muda wake, kisha ukae pembeni unyamaze. Tazama kitu cha kwanza anachofanya. Asiyejua atawasha mashine. Anayejua ataingiza mkono ndani ya gunia mpaka chini, kwa sababu mpunga wa juu hukauka kuliko wa chini, atatoa punje kadhaa na kuzing'ata moja moja. Punje kavu inakatika kwa mlio. Punje yenye unyevu inabonyea tu. Ikibonyea, huyo anayejua atamgeukia mwenye mpunga na kumwambia, "Mama, huu urudishe juani kwanza, utakuwa chenga tupu." Ameshakuokolea jina. Mchele wa Kyela unasifika mpaka Dar es Salaam kwa harufu na utamu wake, lakini mnunuzi akiukuta umevunjikavunjika atashusha bei bila kuuliza harufu.

Kisha mtazame mwishoni. Mpunga ukimalizika mdomoni, mchele kidogo hubaki tumboni mwa mashine. Opereta mmoja atazima haraka na kumwita mteja anayefuata. Mwingine ataiacha izunguke mpaka imalize, ataipigapiga, atafagia chini na kumpa mama wa watu mchele wake hadi punje ya mwisho. Ile ya kwanza ni njia ya siku nyingi ya kujikusanyia kilo mbili tatu jioni, na wateja wanaijua hata kama hawasemi. Mimi ningemwajiri wa pili hata kama ufundi wake bado ni mdogo, maana ufundi nitamfundisha.

Kwa mpishi fanya vivyo hivyo. Mpe mbasa mmoja, ndizi, na jiko la mkaa, halafu angalia kama alinawa mikono kabla ya kukuuliza chumvi iko wapi. Kwa muuza duka, mpe daftari na bidhaa kumi, akupigie hesabu ya mteja anayebadili mawazo katikati. Kwa mlinzi sijui kipimo cha saa moja, huyo muulizie.

Na kumuulizia mtu kuna namna yake. Ukimpigia mwajiri wake wa zamani na kuuliza, "Huyu kijana yukoje?" utajibiwa kwa adabu kwamba ni mzuri, hana neno. Watu wetu hawapendi kumharibia mtu riziki, na ni tabia njema. Uliza hivi: "Akija kesho kuomba kazi kwako, utamrudisha?" Hapo sikiliza kimya kinachotangulia jibu. Ukiweza, nenda mwenyewe kwa baiskeli au bodaboda badala ya kupiga simu. Mtu uliyeketi naye barazani atakwambia jambo ambalo asingelisema hewani.

Halafu kuna swali ambalo naliona kubwa kuliko yote, na sijawaona wengi wakiliuliza siku ya kwanza: "Mwanangu, shamba lenu liko wapi, na nani analilima?" Ukijibiwa, "Liko Bujonde, mzee, tunalima mimi na mama, baba alishafariki," umeshajua mambo manne. Umejua kwamba Desemba na Juni atakuhitaji umwachie. Umejua kwamba Mto Songwe ukifurika atachelewa, na si kwa uvivu. Umejua kwamba mama yake akiugua hakuna mwingine wa kumuuguza. Na umejua kwamba kijana huyu amezoea kubeba nyumba, kwa hiyo ukimpa ufunguo wa stoo hatauchezea. Akisema hana shamba kabisa, usifurahi upesi. Muulize anakula nini na anaishi kwa nani. Mtu asiye na mizizi hapa anaweza kuwa mfanyakazi hodari, lakini pia ndiye anayeweza kupanda basi la Mbeya Jumatatu asubuhi bila kuacha hata kikombe.

Ndugu je? Sitakukataza kuajiri ndugu, kwa sababu hutanisikia, na kwa sababu ndugu mwema ni hazina. Nitasema tu kwamba aingie kwa kipimo kilekile na alipwe siku ileile na wenzake, asiwe mtu wa "nitakuona baadaye". Pia fikiria nani atafanya kazi karibu na nani. Katika familia nyingi za Kinyakyusa heshima ya mkwe bado ni jambo zito. Mwanamke na baba wa mume wake hukwepana njiani, sembuse kukaa kutwa kwenye chumba kimoja. Ukimweka binti kaunta na baba mkwe wake awe mtunza stoo nyuma ya pazia, hutaambiwa tatizo ni nini. Utashangaa tu binti ameacha kazi.

Wapo pia vijana waliomaliza kidato cha nne Novemba. Wanajaa mtaani kuanzia Desemba, wana akili nyepesi na wanajua simu kuliko sisi. Waajiri, lakini kwa macho wazi. Matokeo yakishatoka, na baadaye orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano ikitangazwa, aliyefaulu ataondoka, na ni vizuri aondoke. Mpe mkataba unaoishia hapo, mpe kazi ya kuhesabu magunia au kupokea wageni, usimpe mashine ambayo itakuchukua miezi sita kumfundisha.

Mpaka wa Malawi pale Kasumulu nao unahitaji neno moja. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanaelewana kwa lugha, wanaoana na wanazikana, kwa hiyo ni rahisi sana kumwona kijana kutoka ng'ambo ya Songwe kama mtoto wa nyumbani. Kijamii ni hivyo. Kisheria ni mgeni, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka awe na kibali cha kazi kabla hujampa kazi. Usimtie mwenzako matatani kwa kumhurumia.

Umempata mtu. Swali gumu ni jinsi ya kubaki naye, na hapa nitakaa zaidi.

Mwandikie mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani, likizo lini. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha, isomwe kwa sauti mbele yake, kila mmoja abaki na nakala. Wengi wanaogopa karatasi hiyo wakidhani inamfunga mwajiri peke yake. Uzoefu wangu ni kwamba ugomvi mwingi kazini huanzia kwenye jambo ambalo kila upande ulidhani mwenzake amelielewa. Saa za kawaida kwa sheria hiyo hazizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Mlinzi wako anayekesha ana haki ya nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri. Kima cha chini hubadilishwa na serikali mara kwa mara kulingana na sekta, kwa hiyo usitegemee ulichoambiwa na jirani. Ulizia ofisi ya kazi Mbeya kila amri mpya inapotoka.

Ndani ya karatasi hiyo kuna silaha ambayo waajiri wa huku hawaitumii: likizo. Mfanyakazi wako ana haki ya siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na sheria inakupa wewe nafasi ya kupanga itakuwa lini. Wengi humpa mtu likizo mwezi ambao biashara imelala, yaani mwezi ambao hata yeye hana la kufanya nyumbani. Kisha mpunga ukiiva anatoroka. Mkikubaliana, zikate siku hizo vipande viwili, wiki mbili za kupanda na wiki mbili za kuvuna, muandike tarehe mapema, na sehemu kubwa ya utoro itakwisha bila kuongeza shilingi.

Mwenye mashine ataniambia, na ana haki, kwamba mavuno ndiyo msimu wake. Hawezi kuwaachia watu mwezi Juni. Kwake ninashauri mambo mengine. Kwanza, unapoajiri, changanya vijiji na hali za nyumbani, wasiwe wote wa kitongoji kimoja ambacho mpunga wake unaiva wiki moja. Pili, fundisha kila kazi watu wawili, hata kama wa pili ni mpishi wa uji. Tatu, na hili nimeona likifanya kazi vizuri kuliko yote, mkopeshe opereta fedha za vibarua. Kaa naye Aprili, mpige hesabu ya watu wangapi watavuna ekari yake, mpe fedha hizo, mkubaliane kwa maandishi kwamba atazirudisha kidogo kidogo hadi Oktoba. Mpunga wake utaingia ndani, mashine yako itazunguka, na mtu aliyeokolewa mavuno yake hasahau. Umkobolee na magunia yake bure.

Mkopo wa namna hiyo una maana kubwa zaidi Januari hadi Machi. Hiyo ndiyo miezi ambayo ghala la nyumba limekauka, sare na madaftari vinatakiwa, na palizi inataka watu. Katika miezi hiyo watu huuza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei ya kutupa, kwa mwenye fedha anayejua shida yao. Mwajiri anayemkopesha mfanyakazi wake sehemu ya mshahara bila riba Februari amemwondolea mzigo ambao hata nyongeza ya mwaka mzima isingeuondoa. Weka kikomo, weka daftari, saini kila mkopo, na usimtangazie mtu deni lake mbele ya wateja.

Mshahara wenyewe ulipwe tarehe mliyokubaliana. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu nimeona watu wakiacha kazi ya mshahara mkubwa unaolipwa "nikipata" na kwenda kwenye mshahara mdogo unaolipwa tarehe 28 bila kukosa. Mtu anayejua tarehe anaweza kukopa dukani na kulipa, anaweza kucheza mchezo wa fedha na wenzake, anaweza kuahidi mchango wa harusi. Mtu asiyejua tarehe anaishi kwa aibu mtaani, na mwisho wa yote anakuchukia wewe uliyemsababishia aibu hiyo. Ukilipa kwa simu, weka na ya kutolea. Ni fedha ndogo, lakini mfanyakazi anayekatwa ada kila mwezi kwenye mshahara wake anaihesabu vizuri kuliko unavyodhani.

Kuhusu kukata mshahara kwa hasara. Kaunta imepungua, gunia limepotea, mkanda umekatika, na mwajiri anakata palepale bila neno. Sheria haikuruhusu kufanya hivyo. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umwandikie sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Zaidi ya sheria, jiulize hasara hiyo ilikuwa ya nani. Mkanda uliochakaa ukakatika ni wa mwenye mashine.

Halafu kuna misiba. Hapa ndipo waajiri wanaotoka nje ya ukanda huu hushindwa kabisa. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 4 za malipo akifiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo. Baba mdogo hayumo. Mama mkwe hayumo. Sasa mwambie kijana wa Kyela kwamba baba mdogo wake, aliyemlea na kumsomesha, si msiba wa kutosha. Atakwenda, na hatakuuliza mara ya pili. Kwa Wanyakyusa msiba ni mahali ambapo mtu anahesabiwa kuwa mtu. Asiyeonekana leo kwenye mazishi ya wenzake, kesho atazika na nani? Usishindane na hilo. Kaeni wote kama kundi, muweke utaratibu wenu juu ya ule wa sheria: misiba gani ni ya siku ngapi, nani anashika nafasi ya aliyefiwa, kiasi gani kinatoka kwenye mfuko wa kazi kama rambirambi. Na wewe mwenyewe uende. Ukae chini na wanaume wenzako, ule kilichopo. Siku ile watu wa nyumba ya mfanyakazi wako watakuona, na tangu hapo akitaka kuacha kazi kwa jambo dogo, mama yake ndiye atakayemuuliza kwa nini.

Mama Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na mwaka 1951 akachapisha kitabu kuhusu vijiji vya marika, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao pamoja, wakalima na kula pamoja mpaka uzeeni. Vijiji hivyo havipo tena kwa sura ile, lakini nguvu ya rika haijaondoka. Kazini utaiona kwa njia mbili. Kijana mwema atakuletea mwenzake mwema, kwa sababu hataki kuaibishwa naye. Ukitaka mtu mpya, muulize kwanza yule bora uliye naye. Lakini ukimdhalilisha mmoja mbele ya wengine, usishangae wakiondoka watatu. Kosa la mtu mzungumzie pembeni. Wala usidharau chakula cha pamoja cha mchana. Wali na usipa kwenye sinia moja, mwajiri akiwemo, vinagharimu kidogo na vinakujulisha mambo ambayo hakuna taarifa ya maandishi itakayokuletea.

Mengine ni ya haraka. Kyela ni tambarare na baiskeli ndiyo miguu ya watu. Mfanyakazi aliyekopeshwa baiskeli anafika saa moja kamili. Malaria inakula siku nyingi za kazi, kwa hiyo mlinzi na yeyote anayelala kazini apewe chandarua na sehemu isiyovuja. Mwandikishe NSSF, ambako mchango wa asilimia 20 ya mshahara mnagawana, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake ni wako peke yako. Mashine ya kukoboa hukata vidole. Siku ikikata, hutaki kuwa unaanza kuuliza mfuko huo ni nini.

Hofu moja ninaisikia sana: nikimpeleka VETA Mbeya akajifunze umeme wa mota, atarudi aniache. Huenda. Kubaliana naye kabla hajaenda kwamba atakutumikia muda fulani baada ya mafunzo, na akirudi umpandishe mshahara mwezi uleule. Ukimrudisha kwenye mshahara wa zamani akiwa na cheti kipya, umemfukuza mwenyewe. Na usipompeleka, utakuwa na mtu asiyejua mota kwa miaka kumi.

Hata ukifanya yote haya, wapo watakaoondoka. Mwingine ataolewa Ludewa, mwingine ataitwa na kaka yake Tunduma. Akikupa taarifa ya siku 28, kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, mlipe kila senti yake siku ya mwisho, pamoja na likizo ambayo hajaitumia, na umpe cheti cha utumishi. Ukiwa wewe ndiye unayemwondoa, hakikisha una sababu ya haki na umefuata utaratibu, maana ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mdomo mtupu hautakutetea kule. Aliyeondoka vizuri ni tangazo lako. Atakaa kwenye Coaster ya Mbeya akiulizwa wapi pana kazi Kyela, na jina la kwanza atakalolitaja litakuwa lako.

Kabla ya tarehe ya mshahara inayokuja, mwite kila mfanyakazi wako kwa zamu, umpe kiti, umuulize shamba lao liko wapi, wanapanda lini, wanavuna lini, na nani nyumbani anamtegemea. Andika majibu kwenye daftari. Kisha uite kundi zima, mpange likizo za mwaka ujao mbele ya wote, tarehe kwa tarehe, na uzitie saini wewe wa kwanza.